Miiba ya Baba na Neno Amuk

Siku hizi Waingereza wakiona mbuzi wameingia bustanini husema wanakimbia "amuk". Nilipoambiwa hivyo nilikasirika. Neno hilo ni letu sisi Wamalai, la huku mto Perak, na mimi najua limetoka wapi.

Baba yangu, Kulup Derani, alikuwa mshika panda wa kijiji. Panda ni mti mrefu wenye ncha mbili, ndani yake miiba imeelekea mpinini: shingo ikiingia haitoki. Mtu akipandwa na wazimu akashika jambia na kuchinja kila anayemwona, watu hupiga kelele, "Amuk! Amuk!" Hapo kila mtu ana ruhusa ya kumuua. Kazi ya baba ilikuwa kumbana kabla mikuki haijamfikia.

Mwaka wa kipindupindu, baba mdogo Sidin alizika mke na watoto wawili. Akakaa barazani siku tisa, hasemi, hali. Kimya hicho tunakijua: ndicho hutangulia amuk. Baba naye alikijua, akachukua kisu akaikwangua miiba yote ikawa butu.

"Wee Kulup, wafanya nini?" mama akamuuliza, mimi Lijah nikisikia.

"Ni mdogo wangu. Sitaki imchane koo."

"Ila sisi tuchanwe, sivyo?"

"Mama Lijah, acha maneno. Nitamshika."

Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ijumaa asubuhi Sidin akainuka na jambia. Alimkata jirani yetu Ngah mkono, akamchoma mwana wa Ngah tumboni, utumbo nje. Baba akamkinga njiani, akambana shingo kwa panda barabara.

"Sidin! Ni mimi, kaka'ko!"

Sidin akarudi nyuma hatua moja tu. Shingo ikatoka. Nyuma yake mama alikuwa anapanda kutoka mtoni na maji. Sidin alimkata mara tatu akamuua, ndipo mikuki ikammaliza yeye naye.

Baba akaweka miiba mipya, mara mbili ya ile ya kwanza.

Baadaye karani wa Kiingereza akaja na daftari. "Mzee Kulup, hili neno amuk asili yake nini?"

Baba akamshika mkono, akausukuma ndani ya panda.

"Haya, bwana, vuta."

Karani akavuta, damu ikamchuruzika, akapiga kelele. Baba akaanza kulia.

"Umeona?" akasema. "Hautoki. Hautoki kabisa."