Upande wa Mdomo wa Baba

Nilitoka Kitale na picha yangu nimeiviringisha kwa gazeti, nikaifungua mezani sebuleni kwa wazazi wangu, Bungoma. Nilikuwa nimeikwaruza kwa sindano juu ya bamba la zinki, nikaitia asidi, kisha nikaipiga chapa kwa wino mweusi. Katikati amesimama mwanamke wa Ugiriki ya kale, shuka begani, pua nyoofu. Kumzunguka wanacheza viumbe wa ajabu: mmoja meno tupu, mwingine masikio ya ng'ombe, na wa mwisho mdomo umekwenda upande.

Huyo wa mwisho ni Baba. Tangu kiharusi kimpinde uso, alikuwa akijifungia chumbani kila mgeni akibisha, hata mchungaji akija kumwombea. Mimi nilitaka awe kwenye ngoma na wenzake. Sikujua kama ataona upendo au dhihaka.

Mama alivaa miwani. Picha huzisoma kama anavyochambua maharagwe, moja moja.

"Huyu msichana amesimama tu. Ati yeye hachezi?"

"Ni mrembo wa kale, Mama."

"Urembo bila kazi. Na hii ya meno, si ni shangazi yako akicheka?"

Nilikubali ni shangazi, ingawa sikuwa nimemfikiria kabisa. Masikio akampa mjomba, anayesikia yote yasiyomhusu. Alipofika kwa mwenye mdomo wa upande, alivua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena.

"Leteni hapa na mimi nione," Baba akasema kutoka chumbani.

"Iko kwa meza," Mama akamjibu. "Kuja wewe."

Alikuja na mkongojo wake, akaiinamia picha kwa muda mrefu hata nikatamani kuikunja.

"Mama," akaniambia, maana nimerithi jina la mamake, "si umekosea. Yangu imepinda hii upande ingine."

Ni kweli. Chapa hutoka imegeuka, kama uso kwenye kioo, na kwa haraka ya kumpenda nilisahau kumchora kinyume. Nilipoanza kujieleza, alininyamazisha kwa mkono. Akavuta kiti hadi dirishani, penye mwanga, akanielekezea uso.

"Chora tena. Na uangalie vizuri."

Nilikuwa nimefika kwenye kidevu mtu alipobisha hodi. Mama akamtazama Baba.

"Karibu ndani," Baba akaitikia, bila kugeuza kichwa, asije akaniharibia mchoro.