Nilisoma Maandishi ya Chini ya Bakuli la Mama

(Mwenye kisa hiki ametuomba tumfichie jina, na tumemfichia. Mwenye shauri alilete kwetu, na mwenye kisa atalisoma hapa hapa ukurasani.)

Asalaam alaykum wasomaji wenzangu. Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na saba, sijaoa, nafundisha skuli hapa mjini Unguja na naishi Mtoni na mama yangu, mjane, pamoja na dada yangu Salma. Mwezi ujao nina safari ya meli kwenda London. Nimepata nafasi ya kusomea shahada ya pili katika elimu ya Kichina: lugha yao, historia yao na vitabu vyao vya zamani. Najua mmeshaanza kucheka. Nimezoea. Barazani wananiita Mchina, na mjomba wangu aliwahi kuniuliza mbele za watu kama nikirudi nitafungua skuli ya majongoo.

Na kweli mambo yalianzia kwenye majongoo. Nilipokuwa mwanafunzi, palikuwa na mzee wa Kichina kule Malindi ya hapa mjini, akinunua majongoo ya pwani, wale viumbe laini wa baharini, akiyachemsha na kuyaanika, kisha akiyapeleka kwao yakaliwe. Mimi nikimwandikia barua zake za Kiingereza, naye akinifundisha maandishi ya kwao kwa brashi, juu ya karatasi za kufungia sukari. Marehemu baba hakunikataza. Akisema, "Si tumeambiwa tuitafute elimu hata Uchina? Wewe umeletewa mlangoni." Baadaye nikaenda chuo Kampala nikasoma historia, lakini roho yangu ilibaki kwenye brashi ile.

Sasa nisikilizeni habari ya bakuli. Nyumbani tuna bakuli la Kichina, jeupe lenye maua ya buluu, alilorithi mama kwa bibi yake. Halitiwi mchuzi wala uji. Ni la kombe tu: mtu akiugua, sheikh wetu huandika aya ndani yake kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya mawaridi, mgonjwa akayanywa. Chini ya bakuli pana maandishi ya Kichina, na tangu utotoni tukiambiwa ni ya baraka, yaliandikwa na mcha Mungu wa huko mbali. Mama hakuruhusu mtoto yeyote aliguse. Baba alipokuwa katika kukata roho, mama alimnywesha kombe humo kwa mkono wake. Alikunywa, akatoa shahada, akafumba macho. Huu mwaka wa sita mama anaishi na kumbukumbu hiyo.

Wiki mbili zilizopita barua ya chuo ikafika. Salma akapika pilau, majirani wakaja, mimi kichwa kikanivimba. Mjomba akasema, "Haya Mchina, tuoneshe basi hicho ulichosoma." Nikalishusha bakuli kutoka kidakani ukutani, nikalipindua mbele ya watu wote, nikasoma, nikacheka. Kwa sauti yangu ile ya darasani nikasema, "Hili ni jina la duka la ulevi. Bakuli hili lilikuwa la kunywea mvinyo." Watu wakacheka, mjomba akajipiga mapaja. Ndipo nikamwona mama.

Hakulia. Aliuliza pole pole, "Duka la ulevi?"

"Naam, mama."

"Na babako nlimnywesha humo?"

Akalichukua bakuli, akalifunga kwenye kanga, akaingia nalo ndani.

Sheikh alipopata habari alikuja mwenyewe. Akamwambia mama bakuli limeoshwa mara zisizo na hesabu, ni twahara, na aya ni aya. Mama akamwitikia kwa adabu. Sheikh alipoondoka, mama akaniambia, "Sheikh kasema kweli. Lakini kila nkimkumbuka babako sasa, namwona ana bakuli la walevi mdomoni. Zamani nlikuwa namwona yeye tu." Tangu hapo chakula anakionja tu, homa imemwingia, na kombe amelikataa.

Niliyanakili maandishi nikampelekea yule mzee wa Malindi, njia nzima nikimwomba Mungu niwe nimekosea. Akavaa miwani, akatazama, akaniambia nimesoma sawasawa. Akanipongeza! Sijapata kuchukia pongezi kama ile.

Jana nilimwendea mama kumwomba radhi ya safari. Akasema, "Nenda, sikuzuii." Sote tunajua kwamba "nenda" si radhi. Nikapiga magoti, nikambusu mkono. "Mama, niambie una radhi nami."

Akasema, "Sema ulikosea."

"Mama..."

"Mimi sijui kusoma Kichina, wala sitojua. Ukinambia ulikosea ntakuamini. Niambie tu, mwanangu, nlale."

Wasomaji, nifikirieni. Miaka minne nawafundisha watoto wa watu kwamba uongo ni haramu, na London nakwenda kujifunza kuyasoma maandishi hayo hayo bila kukosea. Nikimwambia hivyo nitakuwa nimeinunua radhi kwa uongo. Nikinyamaza nitapanda meli bila radhi, nimuache anaumwa kwa ajili ya kiburi changu. Nikauachia mkono wake nikatoka. Salma alikuwa mlangoni, akaniambia, "Kaka, siku ile hukuulizwa, ukasema. Leo umeulizwa, umenyamaza." Nililia kama mtoto, na sioni haya kuwaambia.

Wapo watakaosema nisisafiri. Hilo nimelifikiria sana. Lakini hata nikibaki Unguja mpaka nife, nilichokisoma nimeshakisoma, na mama ameshasikia.

Hivi naandika, yuko chumba cha pili na bakuli lake ndani ya kanga, namsikia anakohoa. Bado anasubiri neno moja kutoka kwangu. Nyinyi mliozaliwa na mama kama mimi, nipeni shauri kabla meli haijafika: nimwambie nilikosea?