Dada Karatasi na Risasi za Baba

Mimi nikianza kumsifu dada yangu huwa sinyamazi, kwa hiyo mwenye haraka na aende zake. Dada yangu anauza risasi. Ndiyo, umesikia vizuri. Wenzake waliokua naye wanauza vitenge, viatu na mafuta ya nywele. Yeye yuko nyuma ya kaunta ya kioo kwenye duka la vifaa vya uwindaji. Dirisha lina nondo nene, feni inalalamika darini, na mikono yake inanuka mafuta ya bunduki hata akiwa amevaa gauni la harusini. Hayo magauni namshonea mimi, kwa hiyo najua ninachosema.

Watu wanamwita Dada Karatasi, na wengine wakilitaja wanacheka. Wacheke tu. Jina hilo kalipata kwa kazi. Mteja akiingia na kifua mbele, "Nipe risasi za bata, zile kali!", dada hageuki hata kuangalia rafu. Anamuuliza kwanza bunduki yake ni ipi, atajificha wapi, na bata huwa wanampitia mbali kiasi gani. Kisha anamkunjia karatasi kubwa ya kahawia, ile ya kufungia vifurushi, na kumwambia akaitundike kwenye uwanja wa shabaha, kule machimbo ya mawe yaliyoachwa, aipige, halafu arudi nayo.

Maana risasi ya bata si kipande kimoja. Ndani ya lile ganda la plastiki kuna punje ndogo ndogo, na zikitoka mtutuni zinatawanyika hewani. Karatasi inakuonyesha zimetawanyika vipi. Dada anaibandika kwenye kioo cha dirisha, mwanga unapita kwenye matundu, anaikagua kama mimi ninavyokagua mshono wa mwanafunzi mvivu. "Hapa pana pengo," anasema. "Bata anapita hapa huku anaimba. Hii risasi na bunduki yako hazipatani."

Siku moja nikiwa pale jamaa mmoja alifura. "Mimi nimekuja kununua, sikuja kufanya mtihani!"

"Basi kanunue viazi, kaka yangu," dada akamjibu. "Viazi havijeruhi mtu."

Jamaa aliondoka akibamiza mlango. Kesho yake alirudi na karatasi yake kwapani, mpole kabisa, na mimi nilicheka mpaka nikakosa mbavu.

Sasa nije kwa baba. Baba yetu kawinda bata tangu kabla mama hajamjua, na yeye na wenzake wana sheria yao. Ukimjeruhi bata akapotelea kwenye matete, siku yako imeisha. Unatoa risasi kwenye bunduki mbele ya watu, na unageuka kuwa mpagazi wa wenzako mpaka jioni. Hakuna kujitetea. Baba hajawahi kuwa mpagazi, na hilo analisema hata akiwa kwenye foleni ya dawa hospitalini.

Lakini mwaka huu alifanyiwa upasuaji wa bega. Miezi yote ya kupona alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la sebuleni, hanyoi ndevu, ukimsalimu anaitikia kwa pua. Daktari aliposema anaweza kurudi kuwinda mradi bunduki isimpige teke kali begani ikifyatuka, aliinuka, akanyoa, akaja mezani na kutangaza: "Msimu huu nikimjeruhi bata hata mmoja akapotea, bunduki naisalimisha polisi. Nimemaliza."

Mama aliacha kijiko hewani. Sote tulielewa. Akiisalimisha, anarudi kwenye kile kiti, na safari hii hainuki tena. Mimi nilitaka kulia palepale. Dada akauliza tu, "Risasi utachukua kwa nani?"

"Kwako, nani mwingine? Namba tano, kama siku zote."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Ile namba tano ya baba, yaani ukubwa wa punje, ilikuwa ya punje za madini ya risasi, mazito, na kule ziwani siku hizi yamepigwa marufuku, kwa sababu bata humeza punje zilizozama kwenye tope wakafa kwa sumu. Sasa ni punje za chuma tu. Chuma ni chepesi. Punje ya chuma ya ukubwa uleule inachoka njiani, inafika kwa bata imebaki na nguvu ya kumuumiza, si ya kumuua. Wazee wengi wananaswa hapo, maana wanashikilia namba waliyoizoea na kushangaa bata wanaruka na majeraha.

Basi tukajaa dukani: baba, mimi, na baba mdogo, ambaye hakualikwa lakini haalikwi popote. Dada akaanza kwa kukagua mitutu ya bunduki kama inaruhusu chuma. Inaruhusu. Akaweka boksi juu ya kaunta. "Namba tatu, baba. Namba ikishuka, punje inakua. Ganda fupi, mzigo mwepesi wa baruti na punje, teke dogo."

Baba mdogo akanyakua risasi moja, akaipima kiganjani. "Hii ndiyo nini? Kaka, chukua kama zangu!" Akaonyesha zake, ndefu, nene, zenye picha ya radi. "Hizi zinapasua mawingu."

"Na bega lake zitalipasua vilevile," dada akasema.

Baba uso ukambadilika. "Kwa hiyo mimi sasa unanipa risasi za watoto?"

"Nakupa karatasi, baba. Shika hii. Tuingie garini."

Thubutu kumkatalia! Tulienda. Kule machimboni baba alianza na zile za radi za mdogo wake. Mimi nilisimama pembeni, nikaona kitu ambacho sikukitaka: kabla hajafyatua, macho alikuwa ameshayafumba. Bega lilijua linachosubiri. Karatasi ikarudi na matundu kona ya juu tu, katikati peupe, panatosha kupitisha familia nzima ya bata. Akapiga tena, hali ileile. Kisha dada akampa zile fupi. Ya kwanza bado alijikunja. Ya pili hakujikunja. Ya tatu karatasi ilitoboka katikati kila mahali, mpaka ukiweka kiganja hukosi matundu.

Dada hakuishia hapo. Alisogeza karatasi nyuma, akamwambia baba apige, akaisogeza tena, mpaka pengo la kwanza likatokea. "Umbali wako unaishia hapa, baba. Bata akipita mbali zaidi, msalimie tu."

Baba alikunja karatasi akaiweka mfukoni. "Sawa," akasema. Baba kusema sawa! Nusura nipige vigelegele.

Siku ya kufungua msimu tulikuwa ziwani kulipokucha, tumejibanza nyuma ya kificho cha matete. Baba kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, baba mdogo upande mmoja, dada upande mwingine, mimi nyuma na chupa ya chai nikilaani tope. Kundi la kwanza lilipita juu sana. "Piga, kaka!" baba mdogo akanong'ona, akafyatua yeye radi zake, zikaenda kupasua mawingu kweli, maana bata hawakujali. Baba hakuinua hata mtutu. Kundi lililofuata lilikuja chini, mabawa yamefunguka, miguu mbele. Baba akasimama, akapiga mara moja, na bata akaanguka kwenye maji ya wazi hata hakutikisika. Nilimbana dada mkono mpaka akanipiga kofi.

Wa pili alikuja pembeni, kwa kasi. Baba akamfuata na mtutu, akapiga. Bata akageuka hewani, akadondokea nyuma ya matete marefu. Tukamsikia akigonga maji. Kisha kimya.

Baba akajaza tena bunduki, tukaanza kumtafuta. Baba mdogo aliingia na fimbo akapekua huku na huku. Hakuna kitu. Hata unyoya hakuna.

"Ameshazama huyo," baba mdogo akasema, na safari hii hakuwa na masihara. "Bata aliyejeruhiwa anapiga mbizi, anauma mizizi chini, humwoni tena. Kaka, tuhesabu tu umempata. Nani kaona?"

"Mimi nimeona," baba akasema. Akafungua bunduki. Akatoa risasi zote mbili, moja, halafu nyingine, akazishika kiganjani. Moyo ulinipasuka, naapa. Nilikiona kile kiti cha dirishani.

"Hajajeruhiwa," dada akasema.

"Mwanangu, acha."

"Hajajeruhiwa! Ulimpiga ndani ya umbali wako. Kafa huyo kabla hajagusa maji." Na akaingia ziwani na nguo zake zote. Nilipiga kelele, nikamwita mwendawazimu, nikamwambia arudi. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani. Akatenganisha matete kwa mikono, akapotea nyuma yake, tukabaki tunasikia maji yakipigwapigwa na matusi madogo madogo. Kisha pakatulia.

Alitoka amemwinua bata juu ya kichwa kwa mikono miwili, mashavu yanatoka damu kwa kukatwa na matete, anatetemeka kwa baridi. "Alikuwa chali," akasema. "Amekwama katikati ya mashina."

Baba mdogo akajikuna shingo. "Chali au alizama akaibuka? Hatujui."

"Fungua mdomo wake, baba," dada akasema. "Aliyeuma mizizi anakufa nayo mdomoni."

Baba akaweka bunduki kwenye nyasi, akampokea bata. Alipangusa maji kwenye mdomo kwa kidole gumba, akautanua taratibu, akaupekua mpaka kooni. Hakukuwa na jani, wala uzi wa mzizi, wala tope. Akapuliza manyoya ya kifuani na shingoni, akatuonyesha matundu madogo yaliyosongamana.

"Kafa hewani," akasema. Kisha akamgeukia mdogo wake kwa sauti iliyosikika hadi kificho cha jirani: "Risasi hizi kanichagulia binti yangu. Wewe ukitaka, kaombe karatasi."

Akavua koti lake akamvisha dada. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na sioni aibu kusema. Dada alitaka kuongea, meno yakagongana tu.

Baba akaokota bunduki, akaingiza zile risasi mbili, akaifunga, akarudi kwenye ndoo yake.

"Haya, inameni," akasema. "Mnafukuza bata."