Darasa la yoga Tunduma lilivyonifundisha upya kumpigia magoti mama mkwe

Wakuu, nawasalimu mlioko makazini na mlioko bado kitandani mnaperuzi.

Leo mvua inanyesha, wateja hakuna, nimejifunika kitenge dukani nikasema ngoja niandike hiki kitu nilichokibeba muda mrefu. Sitaongeza chumvi. Atakayeona ni chai anywe tu, mimi nilikuwepo na goti ni langu.

Mimi ni KE, nauza vitenge hapa Tunduma, karibu na mpaka. Kwetu ni Ndalambo, nimeolewa Itaka, kwa watu wa kahawa na mahindi. Ninayoyasimulia ni ya miaka ile kabla Songwe haijawa mkoa, bado tunahesabiwa watu wa Mbeya.

Iko hivi.

Nilianguka na bodaboda. Ajali ya kawaida, dereva alikwepa mbuzi, tukalala. Goti la kulia likaumia vibaya. Nikafungwa plasta, plasta ikatolewa, goti likagoma kukunja. Linafika nusu linakwama, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua.

Sasa mume wangu, Baba Eliza, hakutaka mama yake ajue. Mama ana presha. Na huku kwetu mzee mwenye presha haambiwi kitu. Unaweza kulazwa, ukapasuliwa, ukapona, mzee akaambiwa ulikuwa na malaria kidogo.

Basi na mimi nikawa na malaria. Miezi mitatu ya malaria, hebu fikirieni wenyewe.

Baadaye shangazi yake mume wangu akafariki, tukaenda msibani Itaka.

Kwa wasiojua, huku mkwe hamsalimii mama mkwe akiwa amesimama. Unashuka kwa magoti yote mawili, unapiga makofi mepesi kwa viganja, macho chini, ndipo unatoa shikamoo. Ni kitu ambacho msichana anakifanya bila kufikiri, kama kuvua viatu mlangoni.

Nikafika pale wanawake wamekaa kwenye mikeka, mama mkwe katikati. Nikajaribu kushuka. Goti likakataa. Nikajaribu tena, maumivu yakapanda hadi kwenye meno. Nikabaki nimeinama nusu kama mtu anayetafuta sindano, nikasema shikamoo mama.

Mama akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

Halafu akasema, sauti ya chini tu, "Mkwe wetu wa Tunduma siku hizi anasalimia kwa urefu."

Wanawake wakacheka. Ningesema nini? Kwamba mwanao alikudanganya? Mbele ya msiba? Nikaenda nyuma kuosha vyombo, machozi yakaingia kwenye sufuria.

Tangu siku ile mama akanitoa moyoni. Akipiga simu anaongea na mwanawe. Anauliza habari za Eliza, anauliza habari za mvua, hadi paka wetu aliuliziwa. Zaidi ya mwaka ukapita hivyo, mimi siuliziwi. Na nipo palepale pembeni naisikia sauti yake.

Niseme ukweli, iliniuma kuliko goti. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la nne. Huyu ndiye aliyenipaka mafuta mgongoni nilipojifungua Eliza, ndiye aliyenifundisha kukaanga kahawa hadi jiko zima linukie. Nilimkumbuka kama mtoto anavyomkumbuka mama. Sioni aibu kuandika hivyo.

Mume wangu akawa anasema, "Twende nikamweleze, yaishe." Nikamwambia hapana. Nikienda na maelezo ataona ni visingizio vya watu wa mjini. Nikirudi Itaka nitapiga magoti kwanza, maneno baadaye.

Hapo ndipo ubishi wangu ulipoanzia, wakuu. Na mimi nikibisha nabisha.

Jirani yangu sokoni, Mama Riziki muuza mchele, ndiye aliyeniambia kuna mazoezi kila Jumamosi asubuhi, ukumbi wa juu kwenye gesti moja hivi. Anafundisha dada Mzambia kutoka Nakonde, anaitwa Chanda. Sisi wote tulimwita Ba Chanda, kwa heshima ya kwao.

Nikamuuliza ni aerobics? Akasema, "Ni za kunyooka na kupumua. Wanaziita yoga. Twende, utacheka."

Ile asubuhi ya kwanza sitaisahau. Tunduma ilikuwa imefunikwa na ukungu, ule wa mwezi wa tatu. Tukapanda ngazi, ukumbi una madirisha makubwa, na nje hakuna kinachoonekana. Hakuna malori, hakuna geti, hakuna Zambia wala Tanzania. Weupe tu, na injini zinanguruma humo ndani taratibu. Nikajisikia kama nimeamka kabla ya usingizi kuisha.

Ba Chanda alisimama mlangoni peku, mwembamba, ana mvi mbili tatu. "Mwaiseni mukwai," akatukaribisha kwa Kibemba chake. "Viatu kule. Stress nazo kule."

Tulikuwa mchanganyiko. Manesi, wafanyabiashara, vijana wa clearing, wale wa kutoa mizigo forodhani, wenye vitambi vya kukaa ofisini. Dada mmoja mlokole akauliza kama hii siyo ibada ya miungu ya watu. Ba Chanda akamjibu, "Hapa tunanyoosha mgongo. Kuomba, kila mtu aombe anakoomba." Dada akatandika mkeka, yakaisha.

Kulikuwa na mikao ya kila aina. Mti, unasimama mguu mmoja. Shujaa. Daraja, unainua kiuno hadi mapaja yatetemeke. Na kiboko yao, kunguru. Unachuchumaa, mikono chini, magoti juu ya viwiko, halafu unainua miguu yote unabaki umeelea kwa viganja viwili. Kijana mmoja wa clearing aliinua miguu kwa kujiamini kabisa, akatua na pua. Mama Riziki alicheka hadi akalala chini, akaambiwa huo nao ni mkao.

Wote walikuwa wanaota kunguru. Nani ataelea wa kwanza.

Mimi sikuota kunguru. Mkao ulionishinda mimi ulikuwa ule wa mapumziko.

Unaitwa mtoto. Unapiga magoti, unakalia visigino, unainama mbele hadi paji la uso liguse mkeka. Wenzangu wakichoka wanaambiwa "pumzika, nenda kwa mtoto," wanashusha pumzi, wanajikunja, wengine hadi wanakoroma. Na mimi nimesimama peke yangu katikati ya migongo ya watu, sina pa kupumzikia.

Ba Chanda alikuja akanishika bega. "Goti?"

"Goti."

"Unataka lifanye nini?"

Nikamweleza habari ya mama mkwe. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, mtu wa siku moja. Labda ukungu. Akanisikiliza, akapiga makofi mepesi mara mbili, yale yale ya kwetu. Kumbe hata kwao yapo.

Akasema, "Wewe unauza vitenge? Jumamosi ijayo njoo na vipande kumi na viwili."

Nikaja navyo. Akavikunja akavipanga mrundo, akaniweka nikalie juu yake, mrundo upo kati ya visigino na makalio. Goti likakunja kidogo tu, pale pale linapokubali. Akasema tutakuwa tunapunguza kipande kimoja kimoja. "Panono panono, bamayo." Yaani pole pole, mama.

Basi ikawa hiyo ndiyo kalenda yangu. Kumi na viwili. Kumi na kimoja. Kumi. Nyumbani nilikuwa naupanga mrundo ule kando ya kitanda, jioni nakalia huku nachambua mchele. Eliza akawa ananihesabia.

Mwisho wa kila darasa tulikuwa tunalala chali, mikono wazi, macho tumefumba. Ule mkao una jina la maiti, Ba Chanda alilitaja mara moja tu, watu wakamjia juu. "Uchuro huo, mwalimu!" Tangu hapo tukauita kulala tu.

Wakuu, pale chini nilikuwa naondoka.

Sijui niielezeje. Sakafu ina baridi, pumzi inaingia inatoka, honi za malori zinasogea mbali. Halafu naona Itaka. Naona ule udongo mwekundu, mibuni imechanua maua meupe, harufu yake tamu inayokaa kooni. Naona mama amenipa mgongo, anafagia. Naenda, nashuka kwa magoti, laini, bila maumivu, kama ninavyoshuka kwenye maji. Na kila mara kabla hajageuka, Ba Chanda anapiga kengele yake ndogo, naamka uso umelowa.

Mama Riziki alidhani ni jasho. Nikamwachia adhani.

Vilipobaki vipande vitano nikaharibu.

Siku hiyo Mama Riziki, mwanamke mnene kuliko mimi mara mbili, alielea. Kunguru kamili, sekunde tatu nne, ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Nikafurahi, lakini na wivu ukaniingia. Wenzangu wanapaa, mimi nahesabu vitambaa. Nikatoa vyote vitano kwa mkupuo, nikakaa kwa nguvu.

Nilisikia kitu kikilia ndani ya goti.

Lilivimba likawa kama boga. Daktari aligomba, akanipa dawa, akaniambia nikirudi mazoezini nifuate utaratibu. Wiki tatu ndani. Nikilala chali nyumbani sioni Itaka wala nini, naona bati tu. Nikasema basi, huyu mama nitamsalimia mbinguni.

Ba Chanda alivuka mpaka akaja nyumbani kunipa pole. Hakugomba. Alikunja vitenge, akapanga, nikaona vimerudi kuwa kumi na viwili. Nikamwambia siwezi kuanza upya. Akasema, "Hauanzi upya. Goti linajua njia, limechoka tu."

Tukaendelea. Mwezi wa nane ukafika, ukungu ukabaki vumbi, na Jumamosi moja akachomoa kipande cha mwisho. Nikakalia visigino vyangu mwenyewe. Nikainama, paji likagusa mkeka. Giza zuri, la moto, nasikia moyo wangu unadunda kwenye sakafu. Hakuna aliyepiga vigelegele maana kwa wengine hayo yalikuwa mapumziko. Sikutaka kuinuka.

Kesho yake nikamwambia Baba Eliza, twende Itaka.

Tulimkuta mama uani, kahawa imeanikwa kwenye vichanja, anachambua mbovu. Alimwona mwanawe akatabasamu. Akaniona mimi akarudi kwenye kahawa yake.

Nikasogea. Nikaweka mkono chini, goti la kushoto, halafu la kulia. Taratibu. Mawe madogo yakaniuma. Nikakaa, nikapiga makofi, macho chini.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia.

Nasikia punje zinadondoka kwenye ungo. Tik. Tik. Goti likaanza kuwaka. Nikavuta pumzi, nikatoa. Nikavuta, nikatoa. Nikasema moyoni, nitakaa hapa hadi jua lizame, kubaki siogopi.

Punje zikaacha kudondoka. Nikaona miguu yake imesimama mbele yangu.

"Hilo goti limefanya nini?"

Sikuwa nimelitaja goti. Lakini mtu aliyepigiwa magoti maisha yake yote anajua goti zima linavyoshuka.

Nikamwambia. Bodaboda, mbuzi, plasta. Msibani. Vitenge kumi na viwili. Nikamwambia yote nikiwa pale pale chini. Akamgeukia mwanawe.

"Wewe uliniambia malaria."

Baba Eliza, mwanaume mzima mwenye ndevu, akatazama viatu vyake. "Mama, presha..."

"Presha," mama akasema. "Miaka miwili nimemnunia mgonjwa, hiyo ndiyo haikunipandisha presha?"

Halafu akanishika chini ya kwapa kuniinua, maana kushuka nilijua, kuinuka bado kulikuwa kunanisumbua. Mikono yake inanukia kahawa mbichi. Akanishikilia hivyo, uso karibu na uso.

"Ungesema tu, mwanangu," akasema. "Siku ile ungesema tu. Ningesimama mimi."

Nililia, wakuu. Nililia hadi majirani wakachungulia wakidhani kuna taarifa ya msiba.

Mazoezi sijayajutia, goti leo linakunja na namshukuru Ba Chanda hadi kesho. Mwenye goti bovu aanze na daktari, asije akaiga ubishi wangu. Lakini nililojifunza mimi ni hili: muda wote ule nilijifunza kukunja goti ili nikubalike, na yule mama alikuwa tayari kuinuka ili anipokee. Hakujua tu. Hakuna aliyempa nafasi ya kujua.

Haya, uwanja ni wenu, hata wa kunicheka karibuni. Ila kabla hujaandika, kama kuna mtu mmenuniana na hajui unaumwa wapi, anza kumpigia yeye. Mimi na uzi tutakusubiri.