Ndoo ya Rehema

Juzi niliona watoto wa jirani wakimmwagia mwenzao maji siku yake ya kuzaliwa, nikaikumbuka zamu yangu.

Tulikuwa tumeshuka kutoka Mgeta kuja kuishi Morogoro mjini, na kwetu mlimani mchezo huo haukuwepo. Nilikuwa nimekaa barazani, nikashtukia maji ya baridi mgongoni, harufu ya vumbi lililolowa, na vicheko. Aliyeshika ndoo alikuwa Rehema, rafiki yangu pekee. Nikalia, nikiamini wananifukuza.

Mama yake akanifuta uso kwa khanga. "Usilie, mwanangu. Hapa tunammwagia wa kwetu tu."

Ukubwani ndipo nilipoifikiria ile ndoo. Wiki ile mabomba ya mtaa yalikuwa makavu, na maji yale Rehema aliyabeba kichwani kutoka mtoni.