Mama Anwani na king'ora kilichogoma kulia

Saa mbili asubuhi, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani anaubana kwa vidole viwili mpira mwembamba unaotoka kwenye mashine ya oksijeni. Wenzake wanne wameacha chai zao mezani, wanamtazama. Mara king'ora kinalia, kikali, hadi mmoja wao anaziba masikio.

"Ashukuriwe Mungu," anasema mwenye miwani. "Haya, kunyweni chai."

Siku hizi hufanya hivi kwa kila mashine kabla haijatoka. Wenzake wanamwita Mama Anwani, na jina amelikubali. Karakana yao inatengeneza mashine za kuwasaidia wenye maradhi ya mapafu kupumua. Ndani ya kila moja mna kompyuta ndogo kuliko ukucha, na yeye ndiye anayeunda zana za kuiandalia programu yake. Ukimuuliza kazi hiyo ikoje, tafuta kiti kwanza.

"Programu inaandikwa vipande vipande," anaeleza. "Huyu kaandika cha feni, yule cha king'ora. Kipande kimoja kinataka kukiita kingine, lakini hakijui mwenzake atakaa wapi kwenye kumbukumbu ya mashine, yaani anwani yake. Basi kinaacha nafasi wazi. Ni kama kuchapisha kadi za harusi kabla hujapata ukumbi. Ukumbi ukipatikana, lazima mtu apitie kadi moja moja ajaze mahali. Mtu huyo ndiye kiunganishi, na kiunganishi chetu nimekiunda mimi. Ukikosea kadi moja tu, shangazi anaingia na zawadi yake kwenye msiba wa watu!"

Anacheka mwenyewe. Lakini kadi moja iliwahi kukosewa kweli.

Mwaka juzi programu ilinenepa. Kipande cha king'ora kikasukumwa mbali, na anwani yake ikawa ndefu kuliko nafasi iliyoachwa. Kiunganishi kikaandika kilichoenea, kilichozidi kikakatwa. Onyo lilitoka, lakini hakuna aliyeliona. Pale karakanani walikuwa na mazoea: maonyo yakijaa kwenye kioo, mtu anabonyeza kitufe cha kuyanyamazisha, anaendelea na shughuli zake. Kitufe hicho wenzake ndio waliomwomba Mama Anwani akiweke, naye akakiweka.

Mashine arobaini zilikuwa zimeshafungwa kwenye maboksi kwenda hospitali. Moja Mama Anwani aliipeleka kwa baba yake, dereva mstaafu wa malori ambaye mapafu yake yamechoka. Aliyeipokea ni mdogo wake, muuguzi anayeishi na mzee.

"Mimi siamini kitu kwa sababu tu kimetoka kwenye boksi," anasema muuguzi huyo. "Kabla sijamwekea baba nikaubana mpira. Kimya. Nikabana tena. Kimya! Nikampigia, 'Dada, mashine yako bubu hii.' Baba angelala nayo, mpira ukajikunja, nani angejua?"

Dada mtu alizuia mashine zote zisiondoke. Maboksi yote yakafunguliwa. Ikaonekana kwamba kila king'ora kilipoitwa, programu ilirukia mahali pengine kabisa, ikaanza upya kimyakimya.

"Nilimshukuru mdogo wangu hadi nikalia," anasema Mama Anwani. "Mpaka leo namshukuru. Tukikosana nakumbuka ule mpira, naomba msamaha hata kama kosa si langu."

"Nami nautumia vizuri huo msamaha," anadakia muuguzi. "Akija hapa, vyombo anaosha yeye."

Kile kitufe alikiondoa siku hiyo hiyo. Sasa anwani isipoenea, kiunganishi kinagoma: hakitoi programu yoyote, na kinataja kipande chenye tatizo.

"Mwanzoni tulimwona mkorofi," anasema fundi wa feni. "Siku hizi kikigoma tunamshukuru. Halafu tunanung'unika kidogo, maana sisi ni binadamu."

Nyumbani, mzee amekaa sebuleni na mpira wake puani. Mashine inategemea umeme wa ukutani, na mpira unaishia mlangoni. Kinyozi wake yuko ng'ambo ya barabara, lakini kwa mzee ni kama yuko nchi nyingine. Muuguzi ndiye anayemnyoa, na mzee hamfichi kwamba anaharibu.

Kwa hiyo Mama Anwani anaandaa zana za mashine ndogo ya betri, ya kuning'iniza begani. Kumbukumbu yake ni robo ya ile kubwa, vipande havitaki kuenea, na wiki hii kiunganishi kimemgomea yeye mwenyewe mara kadhaa.

"Kinaniudhi, nisiseme uongo," anakiri. "Lakini kukilegeza siwezi. Anayetoka nje na mashine hiyo ni baba yangu. Ninachoshukuru ni kwamba yupo, na ananisubiri."

Mzee anasikia, anatabasamu.

"Wazee wenzangu, watoto wao wamewajengea nyumba," anasema, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Wangu, mmoja kanitengenezea pumzi, mwingine kaikagua. Nilalamike nini mimi?"

Kumbe ameshampigia kinyozi simu na kumwomba amwekee kiti. Siku gani?

"Nimemwambia siku yoyote ile chombo cha binti yangu kitakapoacha kugoma," anajibu mzee, akijipapasa ndevu. "Kasema atanisubiri."