Nyundo ya Pili

Reli ile ilikuwa fupi, kilomita kumi na tisa tu, lakini ilikuwa na roho mbaya. Mabehewa yalipanda mlimani matupu mpaka kwenye mgodi wa shaba, yakateremka yamejaa mawe, na kuteremka ndiko kulikoua watu. Kwa hiyo kila asubuhi mtu mmoja alipita akigonga kila gurudumu kwa nyundo. Gurudumu zima lililia kama kengele. Lenye ufa lilitoa sauti ya sufuria mbovu. Mtu huyo walimwita Sikio, na kwa miaka ishirini na sita hakuna ufa uliompita.

Kisha masikio yakaanza kumtupa mkono. Hakumwambia mtu. Angesema, angepewa ufagio afagie ofisi, na tuseme ukweli, alikuwa na kiburi chake. Akawa anagonga huku kidole kiko kwenye chuma, ili asikilize kwa mkono. Lakini mficha maradhi, kilio humuumbua.

Kilio kilikuja Jumanne. Gurudumu la behewa la saba lilipasuka kwenye kona ya daraja, na mtu wa breki aliyekuwa juu yake alikuwa mdogo wake Sikio, wa tumbo moja. Wakubwa wakaandika kwamba marehemu alichelewa kufunga breki. Sikio aliisoma karatasi hiyo ubaoni, akafyata mkia. Kwa miaka kumi na moja alimpasulia mjane wa mdogo wake kuni na kumzibia paa, majirani wakimsifu kwa wema, na kila sifa ilimchoma.

Mgodi ulipofungwa, wakaja watu kung'oa reli. Siku walipofika nyuma ya nyumba ya mjane, Sikio alimkuta uani anakunja nguo.

"Shemeji, mume wako hakuchelewa breki. Gurudumu lilikuwa na ufa. Nililipitisha mimi. Nilikuwa sisikii."

Mjane alimsogelea sikioni, akapaza sauti. "Najua. Nimekungoja useme mpaka nimechoka."

"Unajua?"

"Na yeye alijua. Kila asubuhi ukishamaliza, alikuwa anapita nyuma yako anayagonga tena yote. Akaniambia, 'Kaka asijue, ataona aibu.'"

Sikio alishika kamba ya nguo. "Na siku ile?"

"Siku ile nilikuwa na homa. Alibaki kunichemshia maji. Nilimwambia aende, lakini sikumwambia kwa nguvu, shemeji. Nilitaka abaki kidogo. Akaenda mbio, akadandia garimoshi likiwa linaondoka."

Aliingia ndani, akarudi na nyundo ndogo ambayo Sikio hakuwahi kuiona. Mpini wake ulikuwa umelika mahali pa kidole gumba. Sikio aliupima kwa kidole chake, kikaingia sawasawa.

Akalia. Hakujua analia kwa sauti kubwa kiasi gani, mpaka alipoona wale wang'oa reli wameweka vyuma chini, wote wanamtazama.